Ambreyaji kwenye barabara ya Manguredjipa: historia ya kipande kidogo kinachobeba safari yote

Leo tunaongea juu ya kipande cha gari ambacho hakuna abiria anayekiona, lakini kila abiria wa Bapere ameshalala njiani kwa sababu yake. Ni ambreyaji. Jirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania wanaiita klachi.

Tutasema ilitoka wapi, ilifikaje katika misitu yetu, kwa nini inakufa haraka kwenye barabara hii, namna ya kuitambua ikianza kuteleza, na namna fundi mwenye akili na vyombo vichache anaweza kuitengeneza hapo nyumbani. Tunajua kwamba neno "nyumbani" kwa wengi wenu leo ni kiwanja cha kuazima. Ndiyo sababu habari hii inawahusu. Gari ikipanda mlima na watu wanaokimbia, ambreyaji yake ndiyo inaamua kama watafika ama watashuka kuendelea kwa miguu.

Kazi yake ni nini

Moteri ya gari haina uwezo wa kusimama na kuanza tena kama mtu anayetembea. Ikisimama, imezimika. Kwa hiyo inahitajika njia ya kuiacha moteri izunguke wakati magurudumu yamesimama, na kuyaunganisha tena polepole bila kishindo.

Weka viganja vyako viwili pamoja, katikati weka kipande cha kitambaa, halafu bana kwa nguvu. Kitambaa hakitoki. Legeza viganja, kitambaa kinateleza. Ambreyaji ni hivyohivyo. Kiganja cha kwanza ni volani ya moteri, lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya moteri. Kiganja cha pili ni plato, chuma chenye ressori kali. Kitambaa ni diski, sahani nyembamba yenye ngozi ya kukwaruza pande zote mbili, na katikati yake inapita nondo inayoingia katika bwati ya vitesi. Ukikanyaga pedali, bute inasukuma ressori, plato inalegea, diski inakuwa huru. Ukiachilia pedali, ressori inabana tena na nguvu ya moteri inakwenda kwenye magurudumu.

Neno la kushika hapa ni moja: kubana. Ambreyaji inayoteleza, ama kama mafundi wa Butembo wanavyosema, inayopatina, ni ile ambayo haibani tena vya kutosha. Kila sababu tutakayotaja chini inarudi kwenye neno hilo.

Kutoka ngozi ya ng'ombe mpaka amianti

Karl Benz wa Ujerumani alipopata hati ya gari yake ya kwanza mwaka 1886, hakuwa na diski. Alitumia mkanda uliohamishwa kutoka gurudumu lililo huru kwenda gurudumu lililofungwa. Mwaka 1891, kiwanda cha Panhard et Levassor cha Ufaransa kilipanga gari kwa namna tunayoijua mpaka leo: moteri mbele, ambreyaji nyuma yake, kisha bwati ya vitesi, kisha magurudumu ya nyuma. Fuso nyingi unazoona zikilala matopeni upande wa Njiapanda zimepangwa hivyo bado.

Ambreyaji za zamani zilikuwa na umbo la koni, mfano wa sufuria mbili zinazoingiana, na katikati kulifungwa ngozi ya mnyama. Ngozi ikikauka, gari iliruka kwa kishindo. Ngozi ikilowa mafuta, iliteleza. Mashofere wa wakati ule walimwaga unga wa udongo laini juu ya ngozi ili ishike tena. Mtu akikwambia leo kwamba shofere fulani alimwaga mchanga ndani ya ambreyaji ili afike Butembo, usimcheke. Ujanja huo una zaidi ya miaka 100. Lakini ujue pia kwamba mchanga unakula volani na plato, na safari moja iliyookolewa inaleta gharama ya vipande vitatu.

Mwingereza Herbert Frood alianza mwaka 1897 kutafuta kitu bora kuliko ngozi na mbao kwa ajili ya freni, na kazi yake ilizaa jina la Ferodo ambalo mafundi wetu wanalijua. Katika karne ya 20 viwanda vilichukua amianti, jiwe lenye nyuzi lisiloungua, vikaifanya ngozi ya freni na ya diski za ambreyaji. Ilishika vizuri, ilistahimili moto, lakini vumbi lake likiingia mapafuni linaleta magonjwa mabaya, hata kansa, miaka mingi baadaye. Umoja wa Ulaya uliikataza kabisa kuanzia mwaka 2005. Diski za zamani bado zinazunguka katika masoko yetu, kwa hiyo tutarudi kwenye jambo hilo tukifika kwenye kazi yenyewe.

Badiliko jingine kubwa lilikuja katika ressori. Zamani plato ilibanwa na ressori ndogo nyingi zilizopangwa duara. Baadaye ilikuja ressori moja ya chuma chembamba chenye vidole kama petali za ua. Kampuni ya LuK ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1965, ni moja ya zile zilizoieneza Ulaya. Ressori hiyo ni nyepesi kukanyaga na inabana vizuri hata diski ikianza kulika. Ina ubaya mmoja kwa shofere mvivu: inaficha ugonjwa. Diski inaweza kuwa karibu na kwisha na pedali bado ikawa laini.

Barabara ilifuata dhahabu

Kabla ya magari, mizigo ya msitu wetu ilibebwa na watu, mgongoni na kichwani. Wakoloni Wabelgiji waliendesha upagazi wa lazima mahali pengi pa Kongo, na wazee waliwasimulia wajukuu namna njia zilivyofunguliwa kwa panga na jembe na mikono ya wananchi wenyewe.

Mwaka 1924, msafara wa kampuni ya Citroën uliondoka Colomb-Béchar nchini Algeria na magari manane yenye minyororo ya mpira nyuma. Katika mwaka 1925 ulipita kaskazini-mashariki ya Kongo ukielekea Kampala. Ulaya waliutazama kama maajabu. Kwetu ulionyesha jambo moja rahisi: katika msitu wa mvua, gari inaweza kufika, lakini inafika kwa kuvutwa, kusukumwa na kufunguliwa njia na mamia ya watu.

Wakati huohuo madini yalikuwa yanaita. Kampuni ya Minière des Grands Lacs, MGL, iliundwa mwaka 1923, na katika miaka iliyofuata ilichimba dhahabu na madini mengine katika Kivu, pamoja na Manguredjipa. Butembo yenyewe ilikua pembeni ya shughuli za kampuni hiyo. Njia ya gari kati ya mji na machimbo haikuwekwa kwa ajili ya mama anayepeleka ndizi sokoni. Iliwekwa ili mashine na chakula cha wafanyakazi viende, na dhahabu irudi. Lakini barabara ikishakuwepo, kila mtu anapita. Mchele, mafuta ya ngazi, mbao na ndizi vilianza kupanda kwenda Butembo, na chumvi, sabuni, nguo na samaki vikateremka.

Angalia neno hilo, kupanda. Butembo iko juu, zaidi ya metre 1,700 kutoka usawa wa bahari. Manguredjipa, karibu kilometa 100 upande wa magharibi, iko chini katika msitu. Kwa hiyo gari inayotoka kwetu na mavuno inabeba mzigo mzito kwenye mwinuko, na gari inayokuja kwetu inateremka. Watengenezaji wa magari kule Japani na Ulaya hawakuihesabu safari hii.

Zaire, baria na fundi wa chini ya mti

Baada ya uhuru wa 1960, serikali iliunda Ofisi ya Barabara mwaka 1971. Makantonye, wale watu wa jembe na sepetu waliopewa kila mmoja kipande chake cha barabara, walikuwa ndio daktari wa kila siku wa njia: wanafungua mtaro, wanaziba shimo kabla halijawa bwawa. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza zaireanizasio, na maduka, mashamba na viwanda vidogo vya wageni vikapewa Wazaire. Mahali pengi biashara zilianguka, na pamoja nazo njia za kuleta vipuri. Mwaka 1976 MGL na kampuni nyingine za madini za Kivu ziliungana kuwa SOMINKI. Mwaka 1982 serikali iliruhusu wananchi kuchimba dhahabu na almasi kwa mikono. Watu wengi waliingia msituni, na biashara ikawafuata. Magari yaliongezeka huku barabara ikizidi kuharibika.

Hapo ndipo fundi wa chini ya mti alipopata heshima yake. Kipuri kisipopatikana, alikitengeneza. Diski iliyokwisha aliifungua, akang'oa ngozi ya zamani, akagongelea ngozi mpya kwa misumari ya shaba. Kenya wanaita kazi ya namna hiyo jua kali, kwa sababu inafanyika nje kwenye jua. Kampala wana soko la Kisekka, Dar es Salaam wana Gerezani, Nairobi wana barabara ya Kirinyaga, na kila mahali hapo utakuta diski na plato za mkono wa pili zimepangwa chini kama sahani za harusi. Butembo ni ndugu wa miji hiyo. Vipuri vyake vingi vinapitia mpaka wa Kasindi, vikitoka Uganda au bandari ya Mombasa.

Vita vya 1996 na vile vilivyofuata viliikata barabara vipande vipande. Kila mwenye silaha aliweka baria yake. Kusimama kwenye baria ni jambo la ambreyaji pia: kila kusimama na kila kuondoka juu ya mwinuko kunakula diski kidogo. Shofere anayesimama mara 15 kati ya Manguredjipa na Butembo anatumia diski kuliko yule anayesafiri mbali zaidi bila kusimama.

Na leo tuko katika ukurasa mwingine wa huzuni. Tangu mwaka 2024 mashambulizi ya ADF katika teritware ya Lubero yamefukuza maelfu ya watu kutoka vijiji vya Bapere. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2025, huko Ntoyo, karibu na Manguredjipa, zaidi ya watu 60 waliuawa, wengi wao wakiwa kwenye matanga. Kila mara habari ya namna hiyo inapofika, magari machache yaliyopo yanajazwa watu, magodoro, mbuzi na sufuria, yanaelekea Njiapanda na Butembo. Gari iliyotengenezwa kubeba tani moja inabeba mbili. Hapo kipande hiki tunachokisema hakiwi tena habari ya fundi peke yake.

Kwa nini inakufa haraka kwetu

Sababu ya kwanza ni mzigo. Nguvu inayobana diski haibadiliki. Ukiongeza mzigo juu ya kiasi, diski inateleza kidogo kila unapoondoka, inapata moto, ngozi inakuwa kama kioo, na ngozi iliyokuwa kioo inateleza zaidi. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe.

Sababu ya pili ni matope. Tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta na mvua haitupi likizo ndefu. Gari ikikwama, shofere anakanyaga na kuachilia, anakanyaga na kuachilia, moteri ikilia. Dakika 10 za kazi hiyo zinaweza kumaliza maisha ya miezi.

Sababu ya tatu ni mguu wa shofere. Wengi wanaacha mguu juu ya pedali wakati gari inatembea, au wanashikilia gari kwenye mwinuko kwa nusu ambreyaji badala ya freni ya mkono. Pedali iliyoguswa kidogo tu inaondoa sehemu ya ile nguvu ya kubana.

Sababu ya nne ni kipuri chenyewe. Diski ya mkono wa pili ina maisha iliyokwisha kula mahali pengine. Kipuri cha bandia kina sura nzuri na ngozi dhaifu.

Namna ya kuitambua

Dalili ya kwanza ni sauti. Unapanda mlima katika vitesi ya tatu au ya nne, unaongeza mafuta, moteri inalia juu zaidi lakini gari haikazi mwendo. Mwanzoni inatokea kwenye mwinuko na mzigo tu. Baadaye inatokea hata kwenye tambarare. Dalili ya pili ni harufu kali ya kuungua, kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye pasi. Dalili ya tatu ni pedali inayoshika juu kabisa, karibu na mwisho wa kurudi kwake.

Usichanganye na mambo mengine. Magurudumu yakizunguka matopeni, hiyo ni tairi inayoteleza, siyo ambreyaji. Chungulia nje uone kama gurudumu linazunguka. Vitesi zikikataa kuingia na kulia kwa chuma, huo ni ugonjwa wa kinyume: ambreyaji haiachii. Mara nyingi ni hewa ndani ya mafuta ya pedali, au kebo iliyolegea sana.

Kipimo cha kuhakikisha ni hiki. Peleka gari mahali tambarare pasipo na mtu wala mtoto mbele yake wala nyuma yake. Weka mawe makubwa kwenye magurudumu, kaza freni ya mkono, na mguu wa kulia uwe tayari kwa freni. Washa moteri, kanyaga ambreyaji, ingiza vitesi ya tatu au ya nne. Ongeza mafuta kidogo tu, halafu achilia pedali polepole. Ambreyaji nzima inabana na moteri inazimika mara moja. Moteri ikiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kitu, diski inateleza. Fanya mara moja, mbili ikizidi. Kila kipimo kinaiunguza.

Kabla ya kufungua bwati

Usikimbilie kushusha bwati ya vitesi. Magari mengi yanapona kabla ya hapo.

Anza na uhuru wa pedali, yaani ile nafasi ya juu ambayo mguu unasukuma bila kukuta ugumu. Magari mengi ya kebo yanataka milimita 10 mpaka 25 hivi, karibu upana wa kidole ama zaidi kidogo. Kama kuna kitabu cha gari, kifuate. Diski inapolika, uhuru huo unapungua, na ukifika sifuri, kebo inaivuta bute mfululizo kana kwamba kuna mguu juu ya pedali. Tafuta skrubu ya kurekebisha mwisho wa kebo karibu na bwati, ilegeze mpaka uhuru urudi. Angalia pia kama kebo inateleza vizuri ndani ya ala yake. Kebo yenye kutu au matope yaliyokauka inakataa kurudi.

Kama gari inatumia mafuta badala ya kebo, tazama kama fimbo ya pedali ina nafasi ndogo kabla ya kusukuma pistoni ya juu. Kisha fanya hivi: gari ikiwa inateleza, fungua kidogo skrubu ya kutolea hewa kwenye pistoni ya chini. Mafuta yakiruka kwa nguvu, na baada ya hapo kuteleza kukaisha, tatizo ni mafuta yasiyorudi, ama pistoni ya juu imekwama ama mpira wa bomba umevimba ndani. Diski yako huenda bado ni nzima.

Mwisho, lala chini, gari ikiwa imezimwa na kufungiwa magurudumu, utazame pale moteri inapokutana na bwati. Tone la mafuta meusi linatoka kwenye moteri. Mafuta mazito yenye harufu kali yanatoka kwenye bwati. Yote mawili yanaweza kuilowesha diski. Diski iliyolowa haiponi kwa kuoshwa na esansi, kwa sababu ngozi imeshayanywa mafuta. Na ukibadilisha diski bila kubadilisha mpira unaovuja, utairudia kazi ileile baada ya muda mfupi.

Kushusha na kurudisha

Kazi hii inataka watu wawili, siku moja au mbili, na mahali pakavu, pagumu na tambarare. Kwa gari ndogo au pikapu ya magurudumu mawili inawezekana uani. Kwa lori na kwa magari ya kuvuta magurudumu manne, bwati ni nzito mno. Tafuteni garaji yenye winchi.

Jambo la kwanza ni uhai. Usiingie kamwe chini ya gari iliyoshikiliwa na kriki peke yake. Pandisha, halafu weka magogo makubwa yaliyokatwa sawa chini ya shasi, ujaribu kuitikisa kabla ya kuingia. Tenganisha waya wa betri. Mbabula ya kupikia na sigara zikae mbali na esansi, hasa mahali familia nyingi zinagawana kiwanja kimoja. Watoto wakae mbali.

Kisha toa mafuta ya bwati na uyaweke safi kama bado ni mazuri. Weka alama ya rangi kwenye shafti kabla ya kuitoa, ili irudi ilivyokuwa. Fungua dimareri, fimbo za vitesi, na kebo. Pistoni ya chini ya mafuta unaweza kuifungua na kuifunga pembeni bila kukata bomba lake. Shikilia moteri kwa kipande cha mbao chini yake. Fungua bulo za bwati, kisha watu wawili waivute nyuma moja kwa moja. Usiiache ining'inie kwenye diski, itapinda nondo au kuvunja katikati ya diski.

Sasa unaona plato. Fungua bulo zake kidogo kidogo, kwa msalaba, ili isipinde. Hapa kumbuka habari ya amianti: usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Lilowanishe kwa maji, lifute kwa kitambaa kibichi, funika pua, na kitambaa hicho kizikwe ndani ya mfuko.

Tazama diski. Misumari ikibaki chini ya ngozi kwa milimita 0.3 tu, imekwisha. Tazama volani: madoa ya bluu ni ishara ya moto mkali, mikwaruzo mirefu inataka kusawazishwa kwa mashine, na nyufa zinataka volani nyingine. Tazama vidole vya plato kama vimelika au havilingani. Zungusha bute kwa mkono, ikilia au ikikwama itupe. Kama pesa inaruhusu, badilisha diski, plato na bute pamoja, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile. Kama haitoshi, diski ni ya kwanza, bute ni ya pili.

Kurudisha kuna siri moja, nayo ni kuweka diski katikati kabisa. Kuna chombo chake, lakini fimbo ya mbao iliyonyooka, iliyozungushiwa gundi ya karatasi mpaka ijae tundu la diski na la volani, inafanya kazi. Upande wa diski wenye ressori zilizotokeza, kwa magari mengi, unaelekea bwati. Soma maandishi juu ya diski kama yapo. Kaza plato kwa msalaba. Weka grisi kidogo sana kwenye meno ya nondo, kwa sababu grisi ikizidi itarukia ngozi na utaanza upya. Rudisha bwati kwa upole, jaza mafuta, rekebisha uhuru wa pedali, jaribu bila mzigo.

Kilometa 300 hadi 500 za kwanza, usipakie sana wala usivute gari nyingine. Ngozi mpya inahitaji muda wa kuzoeana na chuma.

Ikianza kuteleza njiani

Kama uko katikati ya msitu na hakuna fundi, usikazane na mafuta. Shusha mzigo kwanza, halafu abiria wenye nguvu wapande mlima kwa miguu. Wazee, wagonjwa na wajawazito wabaki ndani. Acha ambreyaji ipoe nusu saa kama mahali pana usalama. Legeza kebo ili kuongeza uhuru wa pedali. Ondoka katika vitesi ya kwanza, achilia pedali kabisa, na usiikanyage tena bila lazima.

Katika mbio za hatari shofere hana nusu saa. Hapo kilichobaki ni kuchagua, na uchaguzi huo ufanywe kabla ya kuondoka, siyo katikati ya mlima. Kwenye barabara za msafara unaosindikizwa na askari, kama ilivyofanyika upande wa Beni na Komanda, gari inayoteleza inabaki nyuma ya wengine, na kubaki nyuma kuna maana tunayoijua. Gunia la mchele linaweza kurudiwa siku nyingine. Mwenye gari anayepakia gunia hilo juu ya watoto 20 anawauza watoto wale kwa bei ya gunia.

Kwa hiyo tunawaomba wenye magari wa Manguredjipa na Njiapanda wapime uhuru wa pedali kila juma, kabla ya siku ya soko. Ni kazi ya dakika mbili na haitaki pesa. Tunawaomba wakuu wa vijiji wafikirie tena makantonye, kwa sababu mtaro mmoja uliofunguliwa unaokoa diski nyingi. Na kwa ninyi mafundi mliohama kutoka vijiji vyenu na sasa mnakaa Butembo bila kazi: vyombo vyenu vilibaki, lakini maarifa mlikuja nayo. Vijana wa familia zinazowapokea wanatafuta wa kuwafundisha. Waiteni wakati mnafungua bwati ya kwanza, mwaonyeshe diski iliyokwisha na diski nzima, waguse tofauti kwa vidole vyao.

Mwandishi wenu, Manguredjipa.